Kushirikiana au Kushirikishwa: Lugha ya Utafiti katika Kinamasi cha Bonde la Kongo

Katika sarufi ya Kiswahili, vitenzi viwili vilivyozaliwa na shina moja huweza kusimulia habari mbili tofauti kabisa. Kutokana na -shiriki tunapata kushirikiana, kitenzi cha kutendana kisichokubali mtendaji mmoja: sharti wawepo wawili au zaidi, na kila mmoja awe mtendaji na mtendwa kwa wakati uleule. Kutokana na shina hilohilo tunapata pia kushirikishwa. Hapa kiambishi cha kutendesha na kile cha kutendwa vimekutana, vikamficha aliyeanzisha jambo na kumwacha mbele yule aliyeitwa. Anayeshirikishwa hakubuni shughuli. Amekaribishwa tu, na ufunguo wa mlango uko mikononi mwa mwingine.

Tofauti hiyo yafaa kuwa kipimo cha kuhakikia maandishi ya utafiti wa kimataifa juu ya mazingira. Tangu ripoti ya tume iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland mwaka 1987, na hasa tangu mkutano wa Rio de Janeiro mwaka 1992, neno ushirikiano limekuwa likirudiwa katika miradi ya wataalamu wa nchi tajiri na wa nchi maskini. Kazi ya uhakiki ni kuuliza kama maandishi yenyewe yanathibitisha neno hilo. Mfano ulio karibu na msomaji wa Kongo ni utafiti wa vinamasi vya Bonde la Kati la mto Kongo.

Mnamo Januari 2017 jarida Nature lilichapisha makala ya Greta Dargie, Simon Lewis na wenzao watano. Makala hayo yalionyesha kwamba chini ya misitu ya kinamasi, katika nchi mbili za Kongo, limelala tabaka la mabaki ya mimea ambayo maji yameyazuia kuoza kabisa kwa maelfu ya miaka. Eneo lake lilikadiriwa kuwa kilomita za mraba 145,500, na kaboni iliyomo tani bilioni 30.6. Kiasi hicho kinalingana na kile kinachotolewa na dunia nzima kwa kuchoma mafuta, gesi na makaa ya mawe kwa muda wa miaka 3 hivi. Miongoni mwa waandishi hao saba walikuwamo Suspense Averti Ifo na Yannick Bocko wa Chuo Kikuu cha Marien Ngouabi, Brazzaville. Hata hivyo, vipimo vya ardhini vilichukuliwa upande wa Kongo-Brazzaville tu. Upande wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambao una takriban theluthi mbili ya tabaka hilo, ulikadiriwa kwa kutumia picha za satelaiti.

Makala ya pili, ambayo mwandishi wake wa kwanza ni Bart Crezee, yalitoka Julai 2022 katika jarida Nature Geoscience. Safari hii udongo ulichimbuliwa na kupimwa upande huu wa mto pia, na majina ya watafiti wa Kisangani na Mbandaka yamo katika orodha ya waandishi. Mmoja wao ni Corneille Ewango, aliyepata tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2005 kwa kuilinda Hifadhi ya Okapi. Eneo liliongezeka kufikia kilomita za mraba 167,600, na kaboni ikakadiriwa kuwa tani bilioni 29. Jambo kubwa zaidi limo katika mipaka ya makadirio. Mwaka 2017 mipaka hiyo ilianzia tani bilioni 6.3 hadi 46.8; mwaka 2022 ilibana kati ya 26.3 na 32.2. Ni dhahiri basi kwamba kupima mahali penyewe, pamoja na wenyeji wa elimu ya nchi, hakukuwa adabu tu ya kuwapendeza wenye nchi. Ndiko kulikopunguza shaka. Kwa kiwango hicho, makala ya pili yamesogea kutoka kushirikishwa kuelekea kushirikiana, na yastahili sifa.

Hata hivyo, kusogea huko kumekoma kwenye orodha ya waandishi. Wanavijiji wanaojua njia za kinamasi, vina vya maji na majira ya kupitika, hutajwa katika shukrani, kama ilivyo desturi ya uandishi wa aina hii. Ujuzi wao umesaidia kuwafikisha wataalamu mahali pa kuchimba, lakini maneno yao hayakuingia katika maelezo. Matokeo nayo yametolewa kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wa wenyeji hao hawaisomi.

Ugumu unaonekana mara mtu anapojaribu kuwaeleza matokeo hayo wasemaji wa Kiswahili. Kiingereza na Kifaransa vina jina la siku nyingi la tabaka hili. Katika Kiswahili baadhi ya wafasiri hulitumia neno mboji. Lakini mboji, kwa mkulima, ni majani yaliyokwisha kuoza na kuwa rutuba ya shamba. Ilhali sifa kuu ya tabaka hili ni kwamba halikuoza, na thamani yake kwa dunia imo katika kutokuoza huko. Mkulima akiambiwa kwamba chini ya msitu kuna mboji ya mita kadhaa, ana haki ya kuuliza kwa nini maji yasiondolewe ili watu walime. Akiyaondoa, hewa itaingia, mabaki yataoza, na kaboni iliyohifadhiwa itapanda angani. Tafsiri moja iliyofanywa kwa haraka inaweza kushauri kinyume cha utafiti wenyewe.

Istilahi ya jumla nayo ina kasoro yake. Maendeleo endelevu ni maneno mawili ya shina moja: kuendelea kunakoendelea. Kiambishi -vu, kama katika tulivu na legevu, hueleza hali iliyomo ndani ya kitu chenyewe, kana kwamba maendeleo hayo yatajiendesha bila mtu kuyabeba. Msomaji wa Kongo, aliyezoea istilahi ya Kifaransa, huelekea kusema maendeleo ya kudumu. Istilahi zote mbili zinanyamaza juu ya jambo moja: ni nani atakayeacha kukata, kuvua au kulima ili mambo hayo yadumu?

Yawezekana kujibiwa kwamba sayansi inahitaji lugha moja ya kukutania, na kwamba katika mkoa wa Équateur lugha ya soko ni Kilingala, si Kiswahili. Majibu yote mawili ni ya kweli, wala hayaondoi hoja. Julai hiyohiyo ya 2022 serikali ilitangaza mnada wa vitalu 27 vya mafuta na 3 vya gesi. Baadhi ya vile vya mafuta viligusa vinamasi hivi, na vile vya gesi vilikuwa katika Ziwa Kivu, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya mawasiliano. Mnada wa mafuta ulifutwa mwaka 2024, kisha mwaka 2025 vitalu vingine vikatangazwa. Mjadala wa namna hiyo unawahusu wananchi wanaozungumza Kilingala na wanaozungumza Kiswahili kwa pamoja. Watauamuaje, ikiwa kitu kinachojadiliwa hakina jina linaloeleweka katika lugha zao?

Katiba ya mwaka 2006 inaitaka serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, yaani Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba, katika muda wa siku 60. Utafiti unaoweza kuzaa sheria hauna sharti kama hilo. Hakuna anayedai kwamba jarida la London lichapishwe kwa Kiswahili. Kinachodaiwa ni kwamba muhtasari wa matokeo kwa lugha za wenyeji uhesabiwe kuwa sehemu ya utafiti, utengewe fedha tangu mwanzo, na jina la aliyeuandika litajwe.

Lawama nyingine inaziangukia idara za lugha hapa nchini. Haifai zikae zikisubiri istilahi zitoke Dar es Salaam, mahali pasipo na kinamasi hiki, wakati wanafunzi wanaokifahamu wamo madarasani mwao. Kazi ya kwanza ni kwenda pamoja na wanasayansi, kuwauliza wavuvi na wawindaji wanauitaje udongo huo mweusi unaozamisha mguu, kulinganisha majina hayo, kisha kupendekeza istilahi za Kilingala na za Kiswahili. Hadi zitakapopatikana, ni afadhali kusema kwa urefu, tabaka la mimea isiyooza chini ya maji, kuliko kumpa mkulima neno fupi litakalompotosha.