Hesabu ya Masikio

Kila biashara ina kipimo chake. Muuza nafaka ana debe na kilo, muuza nguo ana mita, na muuza maziwa ana lita. Je, msomaji, mwenye kituo cha redio huuza nini, naye hutumia kipimo gani? Huenda ukajibu upesi kwamba huuza habari, nyimbo na maongezi. Jibu hilo halitoshi. Wewe usikilizaye hulipi hata senti moja kwa maongezi hayo. Wanaolipa ni mwenye sabuni, mwenye unga na mwenye benki, ambao hununua nafasi ya kutangaza biashara zao. Na wanachokitaka hasa si sauti ya mtangazaji, bali masikio ya wanaomsikiliza. Kwa hiyo bidhaa ya redio ya biashara ni wewe mwenyewe, na kipimo chake ni hesabu ya watu.

Yafaa tuichunguze hesabu hiyo, hasa kwa vile inavyotumiwa na vituo vya michezo na maongezi vinavyoshindana katika mji mmoja. Watu wengi hudhani kwamba hesabu ya wasikilizaji ni kama mizani: hukaa nje ya kitu, ikasema uzito wake, basi. Mimi naona sivyo. Mahindi hayajui kwamba yanapimwa, wala hayavimbi ili yazidi uzito. Mtangazaji anajua. Anajua anapimwa lini, kwa kanuni gani, na na nani. Na kwa kujua hivyo hubadili maneno yake. Hesabu huingia ndani ya mazungumzo, ikayakata na kuyashona upya.

Ushahidi wangu nitautoa kwanza Marekani, kwa sababu huko ndiko wasikilizaji walikohesabiwa kwa muda mrefu na kwa kanuni zinazojulikana waziwazi. Kisha tutarudi kwetu.

Mwaka 1930, bwana mmoja aitwaye Archibald Crossley alianza kuwapigia watu simu na kuwauliza jana walisikiliza vipindi gani. Njia hiyo ilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, kumbukumbu ya mwanadamu ni pakacha, haiwezi kuteka maji. Pili, waliokuwa na simu nyumbani siku zile walikuwa watu wenye nafasi. Maskini hakuulizwa, ingawa alikuwa na redio. Baadaye akatokea mwingine, C. E. Hooper, ambaye watu wake waliuliza, ‘Unasikiliza nini saa hii?’ Kasoro ya kwanza ikapona, ya pili ikabaki. Tazama basi jambo hili tangu mwanzo: kabla ya kumpima mtu yeyote, mpimaji huchagua kwanza ni nani wa kupimwa.

Kampuni ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Arbitron ilianza kuhesabu wasikilizaji wa redio mwaka 1965. Yenyewe iligawa vijitabu. Mtu aliyechaguliwa aliandika katika kijitabu chake, kwa muda wa juma moja, kila kituo alichokisikiliza na saa zake. Matokeo yake yalisikika hewani upesi. Kituo hakikupata kitu kwa kusikilizwa tu. Kilipata kwa kukumbukwa na kuandikwa. Mtangazaji akawa hamalizi sentensi mbili bila kutaja jina la kituo chake, kama mchuuzi anayeogopa kwamba mteja akifika nyumbani atasahau alinunua kwa nani. Wengi wetu tulidhani kelele zile ni tabia ya watangazaji. Kwa kweli zilikuwa tabia ya kijitabu.

Tarehe 1 Julai 1987, mjini New York, kilianza kituo kiitwacho WFAN, kilichojitoa kuzungumza michezo usiku na mchana. Jambo hilo lilikuwa geni. Watu waliuliza ni nani atakayevumilia kusikiliza maongezi ya mpira saa ishirini na nne. Lakini kituo kilisimama. Tangu mwaka 1989 hadi 2008, Mike Francesa na Chris Russo walikuwa na kipindi chao cha alasiri ambamo walibishana, wakapokea simu za wasikilizaji, wakabishana nao pia. Tukitaka kuwa waadilifu, tukiri kwamba sanaa ya namna hiyo ina thamani yake. Mtu wa kawaida, aliyetoka kazini na amekwama barabarani, alipata baraza la kutoa hoja na kujibiwa.

Hata hivyo, siri ya mafanikio ya vituo vya namna hii haikuwa wingi wa watu. Vituo vya muziki mara nyingi viliwashinda kwa wingi. Siri ilikuwa ni watu gani. Wenye magari na wenye pombe wanawataka wanaume wenye umri wa miaka 25 hadi 54, na hao ndio wapenzi wakubwa wa maongezi ya michezo. Katika hesabu inayoshindaniwa, bibi kizee anayeijua timu yake kuliko wajukuu wake hayumo. Mwanafunzi hayumo. Wapo wakisikiliza, lakini mezani pa biashara ni kama hawapo.

Sasa tuutazame mji wa Boston, ambako mashindano yenyewe yanaonekana vizuri. Kituo cha WEEI kilishika njia ya michezo mwaka 1991, kikatawala mji kwa miaka mingi. Kilisikika katika mawimbi ya AM, ambayo sauti yake hukwaruza. Tarehe 13 Agosti 2009 kikazaliwa mpinzani, 98.5 The Sports Hub, katika mawimbi safi ya FM. Mpinzani huyo aliwavuta wanaume wale wale kwa wingi, na mwaka 2011 WEEI nayo ikahamia FM. Faida ya mashindano ni hiyo: msikilizaji alipata sauti safi na mahali pa kukimbilia anapochoshwa na mmoja wao.

Lakini aliposhika hiki au kile, alisikia nini? Alisikia habari za timu nne zile zile: Red Sox, Celtics, Bruins na Patriots. Ni kama wachuuzi wawili walioweka meza zao bega kwa bega, wote wakauza nyanya, ilhali upande wa pili wa soko hakuna auzaye hata fungu la mchicha. Kila mmoja anaogopa kuuza mchicha, kwa sababu wanunuzi wa nyanya ndio wanaohesabiwa. Tumezoea kufundishwa kwamba mashindano huleta aina nyingi za vitu. Katika jambo hili, mashindano yalileta wingi wa kitu kimoja.

Kanuni moja ndogo imeutengeneza usemi wa redio kuliko mwalimu yeyote wa ufasaha. Kwa muda mrefu, mtu aliyesikiliza kituo kwa dakika tano ndani ya robo saa alihesabiwa kuwa amesikiliza robo saa nzima. Kampuni ya Nielsen, iliyoinunua Arbitron mwaka 2013, ilipunguza kiasi hicho kikawa dakika tatu tangu Januari 2025. Fikiri maana yake kwa mtangazaji. Hana haja ya kukushika saa nzima kwa hoja nzito. Ana haja ya kukuvusha kutoka robo hii hadi robo ijayo. Ndiyo sababu asema, ‘Usiondoke, baada ya matangazo nitakuambia kwa nini kocha huyu lazima afukuzwe.’ Matangazo yakiisha, hakuambii. Anakukumbusha kwamba atakuambia. Hoja ya kweli ina mwanzo, ina ushahidi, na ina mwisho. Hoja ya robo saa ina mwanzo, kisha mwanzo, kisha mwanzo mwingine. Msikilizaji hutoka hapo amechemka damu, wala hajajua jambo lolote ambalo hakulijua asubuhi.

Tangu mwaka 2007, kwa kuanzia na miji ya Philadelphia na Houston, kijitabu kilianza kuondolewa katika miji mikubwa. Mahali pake kikaja kifaa kidogo ambacho mtu huenda nacho mwilini. Matangazo ya kila kituo hutiwa alama ya sauti isiyosikika na sikio la mwanadamu, na kifaa huitambua popote mtu apitapo. Kumbukumbu haihitajiki tena, na bila shaka hayo ni maendeleo. Lakini kifaa hakijui kama ulikuwa unasikiliza au ulikuwa unanyolewa kwa kinyozi aliyefungulia redio yake. Wala hakijui kama ulipenda, ulichukia, au ulijifunza.

Tena likatokea jambo la ajabu. Alama ile hujificha chini ya sauti. Pasipo sauti haina pa kujificha. Wenye vituo vya maongezi wakaingiwa na shaka kwamba wanapunjwa, kwa kuwa mtu anayesema hupumua na kunyamaza, ilhali muziki hujaza hewa wakati wote. Katika miaka ya 2014 na 2015 vituo kadhaa vilinunua chombo kilichoitwa Voltair, kilichodaiwa kuikuza alama hiyo, na mwaka huo wa 2015 Nielsen wenyewe wakaiongeza nguvu alama yao. Msomaji, lifikiri jambo hilo kwa utulivu. Mtu anayenyamaza kidogo ili apime jibu lake, jambo ambalo wazee wetu waliliita busara, alianza kuonekana kuwa hasara kwa kituo chake.

Na wale wasiohesabiwa je? Mwezi wa Oktoba 2008, Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York, Andrew Cuomo, aliishtaki Arbitron akidai kwamba kundi la watu waliopewa vifaa halikuwa na sehemu ya kutosha ya watu weusi na watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na kwamba vituo vyao vingeonekana havina wasikilizaji. Januari 2009 pande mbili zilipatana, na kampuni ikakubali kurekebisha mambo. Kasoro ya simu za Crossley ilikuwa imerudi baada ya karibu miaka themanini, imevaa nguo mpya.

Mtu aweza kunijibu hivi: ‘Wengi wape, wasema wahenga. Wengi wakitaka nyanya, wapewe nyanya.’ Hoja hiyo ina nguvu, wala sitaki kuipuuza. Redio isiyohesabu wasikilizaji wake huweza kuhutubia nyumba tupu kwa miaka mingi bila kujua. Sisi nchini Kenya tunafahamu hali ya redio isiyo na mpinzani. Hadi mwaka 1996, Capital FM ilipoanza, utangazaji wa redio wa nchi hii ulikuwa mikononi mwa shirika moja la serikali. Yaliyopendeza wakubwa yalitangazwa, na asiyependezwa hakuwa na pa kwenda ila kuzima redio. Vituo vya watu binafsi vilipofunguliwa, lugha za nyumbani zilipata nafasi kubwa hewani, na mkulima akaweza kupiga simu asubuhi na kumwuliza mbunge wake maswali. Sisemi hesabu ifutwe. Nasema tujue inahesabu nini, na tusidhani inahesabu kila kitu.

Tutazame mfano wetu wa michezo. Mwaka ule ule wa 1987 WFAN ilipozaliwa New York, Gor Mahia iliishinda Espérance ya Tunisia kwa sheria ya mabao ya ugenini, ikatwaa kombe la washindi wa Afrika. Redio iliyokuwapo ilikuwa moja tu, Sauti ya Kenya. Leo tuna vituo vingi vinavyozungumza kandanda. Lakini fungua redio asubuhi ya Jumatatu usikilize ni mara ngapi utasikia Arsenal na Manchester United, na ni mara ngapi utasikia timu inayocheza mjini kwako. Kila kituo kitakwambia kwamba kinafuata watu wanakokwenda. Lakini watu nao huenda wanakoongozwa. Timu isiyotajwa hewani hukosa watazamaji, na timu iliyokosa watazamaji haitajwi hewani. Duara hilo hesabu hulikaza, hailikati.

Na pana jambo zito kuliko mpira. Shirika letu la utangazaji la taifa limekuwa na matangazo ya lugha za kaskazini, kama Kirendille, Kiborana, Kiburji na Kiturkana. Hakuna mwenye sabuni atakayeshindania masikio ya Waburji, kwani ni wachache na fedha zao ni chache. Kwa mizani ya biashara matangazo hayo ni bure. Kwa mfugaji wa Marsabit anayetaka kujua habari za ukame na maradhi ya mifugo katika lugha aielewayo, hayo ndiyo redio yenyewe. ‘Wengi wape’ ni neno jema pale wengi na wachache wanapogawana kitu kinachowatosha wote. Likitumiwa kumnyima mchache hata sauti ya kumwonya, linageuka kuwa kisingizio.

Nakushauri, msomaji, ufanye uchunguzi wako mwenyewe. Chukua karatasi na saa, usikilize kipindi kimoja cha maongezi kwa muda wa saa moja. Andika upande mmoja kila jambo ambalo mtangazaji ameahidi kukuambia, na upande wa pili kila jambo alilokuambia kweli. Kisha chini yake andika ni watu gani wa mtaa wako au kijiji chako ambao hawakutajwa, hawakuulizwa, wala hawakupiga simu. Rudia kazi hiyo kwa kituo kinachoshindana nacho, saa ile ile ya siku nyingine, na uzilinganishe karatasi zako mbili. Kituo kitakachotimiza ahadi nyingi zaidi, na kukumbuka watu wengi zaidi, hicho ndicho bora, hata kama katika hesabu ya wafanya biashara kimeandikwa cha mwisho.