Pwani Isiyokupwa: Istilahi za Picha za Mandhari

Miongoni mwa maneno yatumiwayo ovyo katika maelezo ya picha za rangi ni neno "pwani". Mfasiri akutanapo na mchoro wa maji, mchanga na vyombo, huandika "mandhari ya pwani" akaona kazi imekwisha. Kwa mchoro wa Ujiji, maelezo hayo yana kasoro mbili.

Kwanza, pwani yatokana na kitenzi "kupwa". Ni mahali ambapo bahari hujaa na kutoka kila siku, na chombo huachwa kimelala ubavu juu ya tope. Ndiyo maana mchoro wa Bagamoyo huweza kubeba hali ya kungoja. Ziwa Tanganyika hupanda na kushuka kwa miezi na miaka, wala si kwa saa. Mtumbwi ulio mchangani Ujiji umevutwa na mikono ya watu. Haungoji maji, wangoja wenyewe. Wavuvi wa huko wana neno lao, "mwalo", kwa mahali pa kutia nanga na kuuza samaki. Na ukanda mzima huitwa "mwambao wa ziwa".

Pili, na hili ni zito zaidi, ni maana ya mwanga. Bagamoyo jua huchomoza baharini. Ujiji huzama ziwani, nyuma ya milima ya Kongo. Hata baharini si kote sawa, kwani Mji Mkongwe wa Unguja hutazama magharibi. Mwalimu awaambiaye wanafunzi wa Ujiji kwamba jua jekundu juu ya ziwa lao "laonyesha matumaini ya siku mpya" awafundisha kutoyaamini macho yao. Tena giza la ziwani si lazima liwe huzuni: wavuvi wa dagaa hutoka na taa usiku usio na mbalamwezi, kwa kuwa taa huvuta samaki gizani. Nukta za mwanga juu ya maji meusi ni kazi na riziki. Mchoraji akiongeza mwezi mpevu, ameongeza uzuri na kuharibu maana.

Kwa hiyo yafaa tutenge maneno matatu. "Mandhari" ni kile kionekanacho. "Hali" ni ile iliyomo pichani, iletwayo na rangi, mwanga na mpango wa vitu. "Hisia" ni ya mtazamaji. Mfasiri hana budi kuuliza kwanza picha imesimama wapi na yatazama upande gani, ndipo aitaje hali yake. Asipofanya hivyo, ataandika hisia zake mwenyewe na kuziita maana ya picha.