Indeksi Moja kwa Rangi Zote

Picha za ile spektromita ya kwenye chipu mliziona: mwanga unaingia kwenye bamba la silikoni lenye unene wa nanomita 220, unatanuka, unagonga wavu uliopinda na kurudi umegawanyika rangi kwa rangi. Picha nzuri, usanifu mbovu. Na ubovu wenyewe ungeonekana kwa kalamu na karatasi kabla kompyuta haijawashwa.

Ubovu hauko kwenye viakisi vya Bragg nyuma ya meno ya wavu; hivyo vimekaa sawasawa, kwani ukuta mtupu wa silikoni na oksidi hurudisha chini ya asilimia 20 ya mwanga.

Kosa liko kwenye indeksi. Ili kukwepa simulesheni ya pande tatu, wasanifu wa chipu walifanya ya pande mbili, bamba zima likawakilishwa na namba moja: 2.85, indeksi fanisi kwenye nanomita 1550. Namba hiyo ni sahihi, kwa nanomita 1550. Wao wakaiacha hivyo hivyo kwa kila urefu wa wimbi! Mwanga uliobanwa kwenye tabaka jembamba namna ile hauna indeksi ya kudumu. Wimbi likirefuka, sehemu kubwa zaidi ya uga wake humwagikia kwenye oksidi, na indeksi fanisi hushuka. Mshuko huo ndio unaoipandisha indeksi ya kundi, ambayo kwa bamba hili ni karibu 3.7. Ukiigandisha indeksi fanisi, ya kundi nayo inakwama kwenye 2.85, na kompyuta inaiga kwa uaminifu kabisa silikoni ambayo haipo duniani.

Fanyeni hesabu. Kwenye mlinganyo wa wavu, pembe ya kutokea hubadilika haraka zaidi kwa uwiano wa indeksi ya kundi na indeksi fanisi, yaani 3.7 kwa 2.85, karibu mara 1.3. Chukua milango 20 ya kutolea mwanga, iliyopangwa kwa kuamini kwamba kila mmoja umeachana na mwenzake kwa nanomita 3.2 za urefu wa wimbi. Chipu halisi itatoa kama 2.5. Upana ulioahidiwa ni nanomita 64. Utakaopatikana ni kama 49.

Utetezi nimeusikia: tutasawazisha maabarani. Kusawazisha kutakuambia mlango wa saba unapokea rangi gani. Hakutarudisha nanomita 15 ambazo haziangukii mlango wowote. Na muda uliookolewa ni upi? Kutafuta indeksi ya bamba kwa kila urefu wa wimbi ni tatizo la upande mmoja tu, sekunde chache kwenye kompyuta ya mapajani.

Nimeshalisema hapa na ninalirudia: picha ya uga yenye rangi si ushahidi. Henry Rowland alipotoa wavu wake uliopinda huko Baltimore mwaka 1882, hakuwa na picha ya kumpumbaza. Alikuwa na jiometri, lile duara ambalo kipenyo chake ni sawa na nusukipenyo cha mpindo wa wavu, na alikuwa na skrubu. Alihangaika na skrubu ile kwa sababu alijua kosa linalojirudia kwenye uzi wake huzaa mistari ya uongo kwenye spektra. Mashine yake ikachora mistari 14,438 kwa inchi, na mwaka 1896 Pieter Zeeman akatumia wavu wa Rowland kuona uga wa sumaku unavyoathiri mistari ya spektra. Duara hilohilo limo ndani ya chipu hii.

Wengine wanasema ipanuliwe tu nafasi kati ya milango. Haitoshi. Kwa wavu unaotumia oda ya 20 ya difraksheni, hesabu iliyogandishwa inaonyesha oda jirani ziko mbali kwa nanomita 77 hivi. Kwa kweli ni kama 60, na 64 haziingii humo bila rangi za oda mbili kukutana kwenye mlango mmoja. Oda ishushwe hadi 15, upana wa meno ya wavu upunguzwe kwa robo, ndipo milango itanuliwe. Maana yake barakoa nzima ya kuchongea ichorwe upya.