"Safisha Picha": Uhakiki wa Istilahi za Utunzaji wa Picha na Filamu

Hivi karibuni ilifika mezani kwetu rasimu ya tafsiri ya mwongozo mfupi wa kutunza picha na filamu, uliokusudiwa walimu na makarani wa kumbukumbu. Kwa upande wa sarufi, rasimu hiyo haina kasoro kubwa. Mfasiri ameepuka neno la kigeni kila palipokuwa na neno la Kiswahili, na hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini istilahi hupimwa kwa kazi atakayoifanya msomaji baada ya kuisoma. Na kwa kipimo hicho rasimu ina makosa yawezayo kuangamiza kitu kile kile inachotaka kukiokoa.

Nilipata nafasi ya kuisoma mbele ya watu wachache huko Kilindoni, katika kisiwa cha Mafia. Agizo la kwanza lilisema: "Safisha picha kabla ya kuihifadhi." Mzee mmoja aliyekuwa mpiga picha kwa miaka mingi akanikatiza: "Mwanangu, picha hii ilikwisha kusafishwa zamani. Niisafishe mara ya pili kwa dawa ipi?" Watu walicheka, lakini mzee alikuwa na haki. Katika Kiswahili cha studio, kusafisha picha ni kuitia filamu katika dawa hata sura iliyofichika ionekane. Mwalimu mmoja aliyeketi karibu naye hakucheka. Alieleza kwamba aliwahi kuifuta picha ya marehemu baba yake kwa kitambaa chenye maji na sabuni, na sehemu ya uso ikatoka pamoja na kitambaa.

Sababu ni hii. Sura katika picha nyingi za rangi nyeusi na nyeupe imefanyizwa kwa chembe za fedha zilizoshikwa ndani ya utando wa jelatini. Jelatini, ambayo hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, ikilowa huvimba na kulainika, na hapo hata ncha ya kidole huweza kuichubua. Mwongozo ulikusudia kusema: "Pangusa vumbi kwa brashi laini na kavu." Kwa hiyo napendekeza "kusafisha" kuachiwe wapiga picha, walio wenyewe wa neno hilo, "kupangusa" kutumike kwa kuondoa vumbi, na "kusuuza" kutumike kwa picha iliyokwisha lowa matope au maji ya chumvi, ambayo huoshwa taratibu kwa maji safi ya baridi, bila kusuguliwa, kisha huanikwa kivulini uso ukiwa juu.

Neno la pili ni "ukungu". Rasimu yasema: "Picha zenye ukungu zitengwe." Mpiga picha hufahamu kwamba ni picha zisizoonekana vizuri, mkulima hufikiri habari za asubuhi, karani tu ndiye huenda akakumbuka uozo wa karatasi. Neno "kuvu" halina utata huo, nalo lajulikana kote. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 kwa muda, kuvu huota, na jelatini ni chakula chake. Wataalamu hushauri asilimia 30 hadi 50, kiwango kigumu kukipata katika nyumba ya pwani isiyo na mashine ya kupoza hewa. Ndiyo maana agizo lazima lieleweke: sanduku liinuliwe kutoka sakafuni, lisiegemezwe ukutani, wala picha zisifungiwe ndani ya mfuko usiopitisha hewa.

La tatu ni "mkanda". Rasimu hulitumia kwa filamu ya sinema na vilevile kwa kanda ya video. Hivi ni vitu viwili. Kanda hubeba sura kwa sumaku, na mtu aiepushe na sumaku nyingine. Filamu hubeba sura ionekanayo kwa macho, na maradhi yake ni mengine: filamu ya asetati ikianza kuoza hutoa harufu ya siki, na filamu ya nitreti, iliyotumika hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, hushika moto kwa wepesi wa kutisha. Asiyetofautisha majina hatatofautisha hatari. "Filamu" na "kanda" yatosha. Na kwa ule uozo wa asetati, "ugonjwa wa siki" ni jina ambalo pua ya kila mtu italithibitisha.

Mwisho ni "hifadhi" yenyewe. Mafia neno hilo lina mwenyewe tangu mwaka 1995, ilipoanzishwa Hifadhi ya Bahari. Rasimu hulitumia kwa kuweka kabatini, kwa kuzuia uharibifu, na kwa kutengeneza kilichoharibika. Nashauri tuseme "kuweka", "kutunza" na "kukarabati". Na kazi ya mwisho waachiwe mafundi waliosomea.

Huenda msomaji akauliza kama mambo haya yastahili kurasa zetu. Mwaka 1915 ndege za Waingereza ziliruka kutoka Mafia kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg katika delta ya Rufiji, na picha zilipigwa toka angani. Mwaka 1976 mwanaanthropolojia Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake kaskazini mwa kisiwa mwaka 1965, alirudi pamoja na watengenezaji filamu wa BBC. Picha za namna hiyo huwa na watunzaji wake ng'ambo. Lakini picha za harusi, za madarasa na za majahazi yaliyokwisha kuvunjwa zimo masandukuni mwa watu, kisiwani humo humo. Kimbunga Hidaya kilipopiga Mafia Mei 2024, hapakuwa na nafasi ya kutafuta maana ya neno katika kamusi. Picha zilizolowa huanza kuota kuvu baada ya saa 48 hivi.

Rasimu imerudishwa kwa mfasiri pamoja na mapendekezo haya. Tunawaomba wasomaji, hasa wapiga picha wa zamani, watuletee maneno waliyoyatumia katika chumba cha giza. Baadhi ya istilahi tunazozitafuta tayari zimo vinywani mwao, nasi tukichelewa tutazibuni upya, na vibaya.