Gari Linalovuta Kushoto

Gari kuukuu likianza kuvuta upande, mwenyewe huja kwa fundi akiwa na jibu tayari: alaimenti imeharibika. Fundi hodari hulipokea jibu hilo kama tetesi. Barabara ya lami itokayo Kericho kupitia Litein, Kapkatet na Kaplong hadi Sotik hupita katika nchi ya chai, yaani nchi ya mvua, na barabara ya nchi ya mvua huinuliwa katikati ili maji yateremkie mitaroni. Magari Kenya hupita kushoto, kwa hiyo mteremko huo hulivuta kushoto hata gari lisilo na kasoro. Jaribio la kweli hufanywa mahali tambarare, mikono imelegezwa kwenye usukani. Breki haziguswi mwanzoni. Zikikanyagwa baadaye na gari likavuta hapo tu, ugonjwa utafutwe kwenye breki au kwenye bushi, mipira ya viungo vya mbele.

Baada ya hapo matairi mawili ya mbele hubadilishana pande. Mvuto ukihamia kulia, mkosaji ni tairi. Kazi hii haihitaji hata kipuri kimoja, na pengine ndiyo sababu hurukwa mara nyingi.

Tairi lina mengine ya kusema. Kiganja kikipitishwa juu ya meno yake, upande mmoja yakateleza na upande wa pili yakakwaruza, magurudumu hayatazami mbele sawasawa: yanaburutwa kidogo kila mita. Likilika ukingo wa ndani pekee, huenda gurudumu limelala. Mashimo yaliyopangana kwa nafasi ni dalili ya shoki iliyokufa au gurudumu lisilo na balansi. Kingo zote mbili zikilika pamoja, ni upepo mdogo tu, jambo la kawaida kwa Probox iliyojazwa abiria na magunia.

Kiini cha ufundi huu, hata hivyo, ni kutafuta ulegevu. Gari hupandishwa jeki, gurudumu likashikwa juu na chini, likatikiswa. Likicheza, msaidizi hukanyaga breki: mchezo ukitoweka ni beringi, ukibaki ni boljointi. Likishikwa kushoto na kulia, zinapimwa tairodi na rekiendi, yaani viungo vya fimbo za usukani. Kisha gari hushushwa, msaidizi akauyumbisha usukani kidogo kidogo huku fundi amelala chini, kidole juu ya kila kiungo, maana kidole huhisi mwachano ambao jicho haliuoni.

Namna ya kupandisha jeki hutegemea muundo. Peugeot 504, iliyotawala barabara za Kenya miaka iliyopita, na Probox ya leo zote zina muundo wa mbele wa Earle MacPherson, mhandisi wa Marekani ambaye Ford walianza kuutumia ubunifu wake karibu na mwaka 1950. Ndani yake springi hukaa juu pamoja na shoki, na boljointi ya chini haibebi uzito wa gari. Kwa hiyo hupimwa gurudumu likining'inia. Pale ambapo springi imekalia mkono wa chini, jeki sharti iwekwe chini ya mkono huo, karibu na gurudumu. Ikiwekwa penginepo, springi itaikaza boljointi mbovu ionekane nzima.

Bushi ndizo wadanganyifu wakubwa. Mpira huonekana mzima hadi mtaimbo uingizwe na kusukumwa, ndipo ufa ufunguke. Kwenye mteremko wa changarawe kutoka kituo cha majani chai, kila breki hulirudisha nyuma gurudumu lenye bushi iliyochoka, na pembe zake hubadilika. Mashine ya kompyuta hupima gari lililosimama. Haiuoni mwendo huo. Kurekebisha alaimenti ya gari lililolegea ni kumlia mteja pesa zake, hata risiti ikichapishwa rangi.

Bushi mpya nazo zina sharti lake: bolti hukazwa mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa likiwa hewani, mpira hubaki umejisokota na kupasuka mapema, kisha lawama huangukia duka la vipuri.

Ulegevu ukiisha, uzi unatosha. Gari husukumwa mbele kidogo likae sawa, nyuzi mbili zikanyooshwa, mmoja kila upande, sambamba, kimo cha katikati ya magurudumu. Umbali kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu hulinganishwa na wa nyuma. Tofauti inayotakiwa ni ya milimita chache tu. Mlalo wa gurudumu hupimwa kwa timazi. Tairodi huzungushwa sawa pande zote mbili, la sivyo gari litanyooka huku usukani umekaa upande. Kwenye Probox kipimo hicho cha tairodi ndicho pekee kilichowekewa njia rahisi ya kurekebishwa. Mlalo ukikataa, kuna kilichopinda: hupimwa umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, kushoto na kulia, na upande uliopungua ndio unaofunguliwa kwanza.