Waraka Uliosomewa Miti

Waraka unaanzia kwa Adamu na Hawa. Mungu aliwaumba, wakazaana, na kwa zaidi ya miaka 5,000 uzao wao ukawa mkubwa hata ukasambaa katika falme nyingi. Kisha Mungu akamteua mtu mmoja, Petro, awe mkuu wa wanadamu wote, na kiti chake kikawekwa Roma. Mmoja wa waliorithi kiti hicho, Papa, akawapa wafalme wa Hispania visiwa na bara la ng'ambo ya bahari. Kwa hiyo ninyi mnaosikiliza, mliozaliwa hapa, tayari ni raia wao. Mkikubali, vema. Mkikataa, au mkichelewa kwa hila, tutawapiga vita.

Huo ndio muhtasari wa Requerimiento, tuseme "Dai", tangazo ambalo makapteni wa Hispania waliamriwa kuwasomea wenyeji wa Amerika kabla ya kuwashambulia. Anayetajwa kuwa mwandishi wake ni Juan López de Palacios Rubios, mwanasheria wa mfalme, na mwaka ni 1513. Lilisomwa kwa Kihispania kwa watu wasiojua Kihispania. Padri Bartolomé de las Casas, mtetezi wa wenyeji, anasimulia kwamba askari waliwahi kulisoma usiku, mbali na kijiji, wao kwa wao, kisha wakavamia kabla ya mapambazuko watu wakiwa bado wamelala. Wanahistoria wanalikumbuka kama waraka uliosomewa miti na nyumba tupu. Las Casas mwenyewe aliandika kwamba hakujua acheke au alie.

Wengi wetu leo tunachagua kucheka. Tukilisoma Dai darasani tunaliita kichekesho, tunapiga picha ya kapteni akihutubia minazi, tunaendelea na mada nyingine. Nadhani kicheko hicho kinatunyima jambo muhimu zaidi katika waraka huu: ulizaliwa na swali la kweli la dhamiri.

Mnamo Desemba 1511, katika kisiwa cha Hispaniola, padri Mdominiko Antonio de Montesinos alipanda mimbarini akawauliza walowezi wanawatumikisha wenyeji kwa haki gani, na kama wenyeji hao si watu. Walowezi walikasirika, malalamiko yakamfikia mfalme Fernando. Mwaka 1512 zikatungwa Sheria za Burgos kuhusu namna ya kuwatendea wenyeji. Mwaka 1513, msafara mkubwa wa Pedrarias Dávila ulipokuwa ukijiandaa kwenda eneo la Panama, ulizuiwa kwanza ili wanatheolojia na wanasheria waamue kama vita hivyo vilikuwa halali. Fikiria hilo kidogo. Dola inasimamisha meli zake ili ijiulize kama ina haki. Ni jambo la nadra. Na baada ya mjadala wote, jibu lililotoka lilikuwa karatasi ya kusoma. Mwaka 1514 meli zikaondoka, karatasi ikiwa ndani.

Sasa tulisome Dai kama tunavyosoma maandishi mengine yoyote. Katikati yake kuna upole wa kushangaza. Wasikilizaji wanaambiwa wachukue muda unaofaa kuelewa na kushauriana. Wakitii, wake zao na watoto wao wataachwa huru, na hakuna atakayelazimishwa kuwa Mkristo. Kisha sauti inabadilika. Nilipojaribu kuiweka sehemu hii katika Kiswahili kwa ajili ya semina, viambishi vilinionyesha kitu ambacho sikukiona katika tafsiri ya Kiingereza. Vitisho vyote vina mtendaji: tutaingia kwa nguvu, tutawapiga vita, tutawachukua ninyi na wake zenu na watoto wenu, tutawafanya watumwa, tutatwaa mali zenu. Tu-, tu-, tu-. Lakini waraka unapofika kwenye vifo, mtendaji anatoweka. Vifo na hasara vitakavyotokea ni kosa lenu, wala si la mfalme, wala si letu. Tulioingia ni sisi, ila vifo vimetokea vyenyewe. Kutoka tu- hadi vi-: hapo ndipo hatia inapobadilisha mikono, katika sentensi moja.

Halafu inakuja sentensi ya mwisho, ambayo kwangu ndiyo ufunguo. Msemaji anawageukia walio upande wake. Anamwomba karani wa serikali aliyepo atoe hati iliyosainiwa kwamba Dai limesomwa, na anawaomba wengine waliopo wawe mashahidi. Kumbe msikilizaji alikuwepo muda wote, na alijua Kihispania vizuri sana. Lugha haikuwa kikwazo kwa sababu mwenyeji hakuwa mlengwa. Mlengwa alikuwa karani, na nyuma yake jalada, na nyuma ya jalada mfalme aliyetaka kulala usingizi. Kesi ya nyani, hakimu ngedere, na ngedere ana muhuri.

Mwanahistoria Patricia Seed anaeleza chanzo cha umbo hili kwa namna inayovutia: Wahispania, walioishi karne nyingi jirani na Waislamu wa Andalusia, walirithi kutoka kwao desturi ya kumwalika adui kwanza kabla ya kupigana naye. Msomaji anayejua maana ya da'wa na jizya atauona ufanano haraka. Lakini mwaliko una maana pale tu anayealikwa anapoweza kuusikia na kuujibu. Asili ya umbo haielezi kwa nini lilibaki baada ya wote kujua kwamba halisikiki.

Maana walijua. Gonzalo Fernández de Oviedo, aliyesafiri na Pedrarias, alikabidhiwa Dai alisome, akakuta kijiji kitupu. Anaeleza kwamba alimrudishia mkuu wake karatasi, akamshauri aitunze hadi wampate mwenyeji wa kumfungia kizimbani, ajifunze polepole, na askofu amfafanulie. Baadaye, huko Hispania, alimuuliza Palacios Rubios mwenyewe kama utaratibu huo unatosha kutuliza dhamiri ya Wakristo. Mwanasheria alijibu kwamba unatosha ukifuatwa ulivyoandikwa. Na aliposimuliwa jinsi ulivyofuatwa, alicheka. Hata mtunzi alichagua kucheka. Ndiyo sababu sikiamini kicheko chetu.

Kuna jibu moja lililotufikia, tena kwa kalamu ya mvamizi. Martín Fernández de Enciso, katika kitabu chake cha 1519, anaandika kwamba watu wa Sinú, katika Kolombia ya leo, walielezwa Dai wakalichambua hoja kwa hoja. Kuhusu Mungu mmoja mtawala wa mbingu na dunia, walisema sawa. Kuhusu Papa kugawa nchi isiyo yake, walisema lazima alikuwa amelewa, na mfalme aliyepokea zawadi hiyo lazima alikuwa mwendawazimu. Huo ni uhakiki bora kuliko mwingi niliousoma maktabani: unatenganisha imani na umiliki, mahali hasa ambapo waraka umevishona pamoja. Enciso akakiteka kijiji hata hivyo. Hoja iliposikika na kujibiwa, haikubadilisha lolote.

Mgawo huohuo wa dunia ulitufikia na sisi. Mkataba wa Tordesillas wa 1494, uliogawa bahari kati ya Hispania na Ureno, uliiacha Bahari ya Hindi upande wa Wareno, na mwaka 1505 meli za Francisco de Almeida zikaipiga Kilwa, kisha Mombasa. Watu wa Kilwa hawakusomewa Requerimiento. Walikuwa ndani ya sentensi yake, nchi iliyokwisha kutolewa na mtu asiyekuwa nayo.

Mwaka 1573 mfalme Felipe II alitoa kanuni mpya zilizochukua nafasi ya utaratibu wa Dai. Ziliagiza pia kwamba neno "conquista", yaani kuteka, lisitumike tena. Badala yake liandikwe "pacificación", kuleta amani. Dhamiri ilikuwa imeuliza tena, na safari hii ikapewa msamiati. Tangu hapo, nikisikia taifa lolote kubwa likitangaza kwa nini limelazimika kupigana, ninasubiri sentensi ya vifo, nione kama bado ina mtendaji.