Kwanza Uliza Kilichoguswa

Gari likianza kutetemeka mara tu baada ya kutoka gereji, mwenyewe huanza kuhesabu hasara: nozeli, giaboksi, pengine injini nzima. Fundi hodari wa Moshi hana haraka hiyo. Boneti bado imefungwa, anauliza, "Bosi, mara ya mwisho walifungua nini?" Mtetemo ambao haukuwepo kabla ya matengenezo mara nyingi unatokana na kitu kilichoguswa juzi: bolti, mpira au waya.

Nausifu ufundi huu kwa kuwa ni kazi ya kujizuia. Kubadilisha spea anaweza yeyote, alimradi hela ni za mteja.

Mtazame anaposhika Noah ya abiria. Anaiwasha, anaiacha sailensi bila kukanyaga mafuta, anaweka kiganja juu ya injini. Silinda nne zikifanya kazi kwa mizunguko 750 kwa dakika, injini hupiga mara 25 kila sekunde, mvumo mmoja laini. Silinda moja ikigoma, unaingia mtikisiko wa polepole, kama mara sita kwa sekunde, na mkono uliozoea hauukosi. Anachomoa soketi ya koili ya kwanza: injini inayumba. Anairudisha, anachomoa ya pili: inayumba. Ya tatu, injini haishtuki wala nini. Amempata mgonjwa, na huenda koili yenyewe ni nzima ila soketi haikusukumwa mpaka mwisho.

Silinda zote zikiwa salama, anaweka D huku amekanyaga breki. Mtetemo ukipanda hadi kwenye usukani, anageukia maunti, ile mipira inayobeba injini. Kosa la kawaida ni hili: injini iliinuliwa kwa jeki, bolti zikakazwa ingali inaning'inia, mpira ukabaki umejipinda. Hapo hakuna spea ya kununua. Legeza, acha injini ikae kwa uzito wake, kaza upya. (Wapo wanaouza maunti mpya papo hapo; nisiwaseme.)

Land Cruiser za watalii zina kesi yake. Propela, ile shafti inayopeleka mzunguko kwenye magurudumu, ikifunguliwa bila kuwekwa alama, inaweza kurudi imegeuka, na mtetemo wake hufuata mwendo wa gari, si mlio wa injini. Huo hupimwa kwenye tambarare, njia ya kwenda TPC.

Mengine yanasubiri mlima. Kutoka Himo kupanda Marangu, hadi lango la hifadhi lililo zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, koili dhaifu iliyojificha mjini huumbuka: mguu umezama, mizunguko ni michache, mgandamizo ndani ya silinda ni mkubwa, cheche inashindwa kuruka. Wakati wa kushuka, ukiachia mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, nayo inaegemea upande wa pili. Maunti iliyokatika hugonga hapo hapo.

Ugomvi huja kwenye malipo. "Umekaza bolti mbili tu, unanidai hela yote hiyo?" Wateja wetu hulipia spea bila kunung'unika, lakini kujua ni bolti ipi wanataka wapewe bure. Kwangu mimi, aliyekaza bolti mbili anastahili zaidi ya aliyebadilisha maunti zote kwa kubahatisha. Baadhi ya mafundi wameshaerevuka: wanataja bei ya kupima kabla boneti haijafunguliwa.